Jemadari Aliyeinama Langoni

Watu wa Utsugi wana mazoea ambayo mgeni akiyaona mara ya kwanza hudhani mji mzima unaumwa mgongo. Penye mawe mawili makubwa yaliyobaki ya lango la ngome, kila apitaye husimama, hubana miguu, huinama mpaka aone ncha za viatu vyake, kisha huendelea na safari. Tarishi hushuka baiskeli. Dereva wa lori hupunguza mwendo na kushusha kidevu. Hata Heisuke kinyozi, ambaye akilewa humtukana kila mtu mpaka nguzo za umeme, akiyafikia mawe yale hunyamaza, huinama, halafu huendeleza matusi pale pale alipoyaachia.

Sababu yake kila mtoto wa Utsugi huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Miaka mia nne iliyopita ngome ilizingirwa majira mazima ya baridi. Waliokuwa ndani walimaliza mchele, wakamaliza farasi, mwisho wakapasua mikeka ya sakafuni wakachemsha majani yaliyojazwa ndani yake, na lango hawakulifungua. Lilichomwa moto. Aliyeamuru vita hivyo ni mtawala ambaye nchi nzima humsifu kwa kuikusanya chini ya upanga mmoja, lakini Utsugi jina lake halitajwi. Huitwa Yule wa Ng'ambo, maana kwao ni nyuma ya mlima, kwenye mji ambao mpaka leo unauza biskuti zenye nembo yake ya kunguru. Biskuti zenyewe, wanasema watu wa Utsugi, ni kavu.

Basi televisheni ya taifa ilipotangaza kwamba tamthilia ya mwaka mzima, ile ya kila Jumapili saa mbili usiku, itakuwa ya maisha ya Yule wa Ng'ambo tangu utotoni mpaka kaburini, mji ulinuna. Orihara Tsunekichi, fundi wa mikeka ya tatami na mwenyekiti wa chama cha Walinzi wa Lango, alisimama katika ukumbi wa mtaa akasema kila mtu ana uhuru wake, ila runinga ya nyumbani kwake saa hiyo itakuwa imezimwa. Alipigiwa makofi. Kuanzia hapo kila Jumapili saa mbili barabara zilikuwa tupu, mapazia yamefungwa, na katika nyumba nyingi runinga imepunguzwa sauti mpaka watu walilazimika kusoma midomo. Jumatatu hakuna aliyeitaja tamthilia. Siku moja Heisuke alijisahau akasema jinsi Yule wa Ng'ambo alivyolia kwenye maziko ya mama yake, na wateja wote kwenye benchi wakaanza kukohoa.

Runinga ya Tsunekichi ilizimwa kweli. Yeye alikuwa na donda lake, na donda hilo lilikuwa na jina: Shigeto, mwanawe wa pekee.

Shigeto alikwenda Kyoto alipomaliza shule, akawe mwigizaji. Baba mtu hakufurahi, lakini ukweli usemwe, hakumzuia. Kwa miaka mingi kazi ya kijana ilikuwa kufa. Kila penye vita kwenye runinga, Tsunekichi alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikaribie kioo, akamwonyesha mkewe kwa kidole kwamba yule pale, anayeelea mtoni kichwa chini, ndiye. Halafu vuli iliyopita Shigeto akapiga simu, sauti inamtetemeka kwa furaha. Amepata nafasi yenye jina, tena kwenye tamthilia kubwa ya mwaka. Atakuwa Jemadari Hada Jinnai.

Hada Jinnai ndiye aliyepeleka mwenge langoni.

"Katika nyumba hii hakuna mtu anayechoma lango lile," Tsunekichi alisema, akakata simu. Hawakusemezana tena. Kinue, mkewe, alikuwa akizungumza na mwanawe kwa siri huko nyuma kwenye bustani ya figili, na Tsunekichi alikuwa akijifanya haoni mwanamke anayepalilia kwa mkono mmoja huku mwingine uko sikioni.

Ikafika Januari, siku ya kuanguka kwa ngome. Siku hiyo kila nyumba ya Utsugi hula uji mwepesi wa shayiri, mtupu, hata chumvi haimo. Na kila mtu wa nyumba ile hutengewa bakuli lake, awepo asiwepo, kwa sababu ndani ya ngome waligawana sawa. Bakuli la Shigeto lilitengwa kila mwaka aliokuwa Kyoto. Mwaka huu Tsunekichi alitenga mabakuli mawili, la tatu akaliacha kabatini. Kinue alilitazama kabati, akamtazama mumewe, akanywa uji wake bila kusema neno. Kwa mwanamke wa aina ya Kinue, hiyo si dalili njema.

Mwezi uliofuata, theluji ikiwa bado imelala juu ya mapaa, wakaja watu wa televisheni. Walitaka kupiga picha za kuanguka kwa ngome pale pale ilipoangukia, na walihitaji watu mia wa mjini wavae deraya na kushika mikuki. Ukumbi ulijaa. Kununa ni kununa, lakini kuonekana na nchi nzima ni jambo jingine. Muuza samaki aliomba afe kwa mshale. Heisuke akauliza kama inawezekana yeye afe polepole, ili aseme maneno mawili matatu.

Msaidizi wa mwongozaji, binti aitwaye Wakisaka, mwenye koti la manjano na sauti iliyokauka kwa baridi, aliinama, akainama tena, akaeleza kwamba pametokea kutoelewana. Picha za waliokuwa ndani ya ngome zimekwisha kupigwa studio. Hapa wanahitaji wale wa nje tu. Wanaoshambulia, wenye nembo ya kunguru kifuani.

Muuza samaki alikaa chini taratibu. Macho yote yakamgeukia Tsunekichi. Akasimama, akajikohoza.

"Bi mdogo, umetoka mbali na baridi hii, tunakushukuru," alisema. "Lakini hapa hutapata hata mtu mmoja wa kumvisha kunguru."

Binti alisema anaelewa. Theluji haiwezi kuwangoja watafute watu mji mwingine, kwa hiyo sehemu hiyo itaachwa, na msimulizi atasema kwa sentensi moja kwamba Utsugi ilianguka. Jemadari Hada naye atatoka kwenye hadithi. Hilo alilisema huku akitazama viatu vyake, maana alijua Jemadari Hada ni mtoto wa nani. Akaongeza kwamba atalala kwenye nyumba ya wageni mpaka kesho, ikiwa kuna atakayebadili mawazo.

Kinue alitangulia kufika nyumbani. Tsunekichi alikuta wali, supu ya miso na achari ya figili vimeshawekwa mezani, na mkewe ameketi upande wa pili, mikono mapajani.

"Baba Shigeto," alisema, "mwanao umemwona akifa mara ngapi?"

Tsunekichi alisema hakumbuki.

"Mimi nakumbuka. Amekufa mtaroni, amekufa juu ya farasi, amekufa chini ya farasi. Mwaka ule alikufa hata wimbo wa mwanzo haujaisha. Sasa wamempa jina. Wamempa farasi wake na neno la kusema. Na leo wewe umesimama mbele ya watu ukamuua mwenyewe."

Tsunekichi aliweka vijiti chini. Akamwambia kwamba yeye hajibu kwa ajili yake mwenyewe, anajibu kwa niaba ya waliokuwa ndani ya ngome. Walikula majani ya mikeka. Yeye ndiye anayeshona mikeka hiyo, kila siku ya Mungu anayashika majani yale kwa mikono yake, atawezaje kusahau?

"Walikula ili nani aishi?" Kinue aliuliza, tena kwa sauti ya chini. "Ili kiishi kiburi chako, au ili wapate watoto na watoto wa watoto?"

Halafu akaondoa vyombo, huku akimwarifu kwamba kesho yeye atakwenda kuvaa kunguru, na wakitaka atavaa na masharubu. Tsunekichi alimwambia mwanamke wa umri wake, mwenye goti bovu, hawezi kuteka ngome. Kinue akasema goti ni lake.

Asubuhi, kama kila asubuhi, Tsunekichi alichukua ufagio wake wa mianzi akaenda kufagia langoni. Hakuwa amelala vizuri. Tangu jana, kabla ya kikao cha ukumbini, watu wa televisheni walikuwa wamekwisha kuchomeka baina ya yale mawe mawili lango la mbao nyepesi, limepakwa rangi lionekane kuukuu, na harufu ya ile rangi ilimkera kabla hajalifikia. Kisha akaona nyayo kwenye theluji. Mtu alikuwa amemtangulia.

Tsunekichi alijibanza kwenye ukuta wa duka la tambi. Mtu yule alivaa koti jeusi, kofia ameishusha mpaka masikioni. Alibana miguu akainama. Hakuinama kama watalii, haraka haraka, jicho moja kwenye kamera. Alishuka mpaka chini akabaki hukohuko, midomo ikimchezacheza, mpaka theluji ikaanza kumtanda mgongoni. Alipoinuka alijifuta uso kwa mkono wa koti, maana tangu utoto hakuwahi kutunza kitambaa hata kimoja, akashika njia ya chini. Alikuwa Shigeto, amekonda.

Fundi wa mikeka alibaki na ufagio wake. Miezi yote hiyo alishikilia jambo moja: kwamba mtu anayekubali kulichoma lango ni mtu aliyelisahau lango. Kumbe mtoto amekuja kuomba radhi kabla ya kazi, peke yake, bila mtu wa kumwona. Alitaka kumwita, asijue aanzie wapi. Halafu yeye ni mtu ambaye sentensi moja ya maana humchukua siku nzima kuitengeneza. Akainama, akafagia pote, hata zile nyayo, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Wakisaka kabla binti wa watu hajapiga mswaki.

"Nipe deraya," alimwambia.

Kufikia adhuhuri mji mzima ulijua kwamba mwenyekiti amekuwa kunguru. Wengine walisema uzee umemwingia kichwani. Lakini muuza samaki alisema kama mwenyekiti anavaa, yeye ni nani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakinung'unika njia nzima, mpaka deraya zikakaribia kwisha. Kinue alipewa masharubu yake, na yalimkaa vizuri kuliko wanaume wote.

"Mwenyekiti, kunguru anakupendeza," Heisuke alisema wakifungana kamba za mabega. "Ungezaliwa ng'ambo ungefika mbali."

"Funga kofia," Tsunekichi alimjibu, "na mdomo uufungie humo humo."

Mwongozaji aliitwa Kusakabe, mtu mwenye upara, buti kubwa na maneno machache. Aliwaeleza kwamba lango la mbao litawaka mara moja tu, halina la akiba. Kwa hiyo watafanya mazoezi bila moto, milango ikiwa wazi, mpaka mambo yanyooke. Ngoma ikilia, wakimbie kupanda mteremko, wapite langoni, waingie ndani wakipiga kelele. Ni hivyo tu.

Kisha akatokea Shigeto juu ya farasi, deraya nyeusi ya kung'aa, kofia yenye pembe. Alipita mbele ya safu akikagua nyuso, akafika kwa mzee mmoja wa mstari wa mbele, akavuta hatamu bila kukusudia mpaka farasi akarudi nyuma. Tsunekichi alikuwa akiyatazama magoti ya farasi, na aliyatazama kwa bidii kweli.

Ngoma ikalia. Watu wa Utsugi wakakimbia, na haki yao wapewe, walikimbia vizuri. Walipiga ukelele uliotoka tumboni, mikuki mbele, theluji ikiruka. Wakafika kwenye mawe mawili. Wakasimama wote. Wakabana miguu. Kunguru mia wakainama mpaka wakaona ncha za viatu vyao, wakainuka, wakapiga tena ukelele na kuingia ndani ya ngome kwa fujo kubwa.

Mpiga picha mmoja alicheka mpaka akajishikilia kwenye kamera. Kusakabe alimuuliza Wakisaka kile kilikuwa nini. Wakisaka akamuuliza Tsunekichi. Tsunekichi akauliza, kipi? Hakujua kwamba ameinama. Hakuna hata mmoja aliyejua.

Wakaonywa, wakaahidi, wakarudi chini. Mara ya pili kila mtu alipigana na mgongo wake mwenyewe. Wa mbele wakapunguza mwendo, wa nyuma wakawavaa, masharubu ya Kinue yakaangukia kwenye theluji, na Heisuke alianguka kifudifudi, akaona madhali yuko chini basi ainame huko huko. Kusakabe akawashauri wafumbe macho. Mara ya tatu wakafumba, na muuza samaki akaligonga jiwe la babu zake kwa kipaji cha uso.

Kusakabe alilitazama jua, likiwa limeshagusa mlima. Alimwambia Wakisaka wakusanye vyombo. Hakupaza sauti, lakini bonde lile halifichi neno. Mwanga unawaacha, alisema, msimulizi ataisema kwa sentensi moja.

Tsunekichi alisikia. Akainua macho kutoka kwenye magoti ya farasi, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama mwanawe. Shigeto hakubisha. Aliinamisha kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuzoea kufa. Hilo ndilo lililomshinda baba yake.

Alitoka kwenye safu. Alitembea kwenye theluji, deraya ya plastiki ikilia kwa kila hatua, akasimama mbele ya farasi. Watu mia wakanyoosha shingo wasikie, maana Utsugi nzima ilijua wawili hawa hawasemezani.

"Jemadari," alisema. Neno "mwanangu" lilikuwa bado mbali, akatumia lile lililokuwa karibu. "Watu wako si kwamba wanakataa. Miguu yao haijui kupita hapa bila kuinama. Inama wewe kwanza. Sisi tutakufuata."

Shigeto aliinamia shingo ya farasi ili amwone vizuri.

"Mtanifuata kweli, mzee?" aliuliza.

"Mimi nitakuwa wa kwanza."

Kusakabe alikuwa amewakaribia. Alisema jambo hilo halimo kwenye maandishi. Hada ndiye mshindi, na mshindi hainami. Shigeto alimjibu bila kuondoa macho kwa baba yake.

"Walio ndani wamekula majani ya mikeka na hawajafungua. Hada ni mtu wa vita, anajua ni watu gani amewashinda. Hawezi kupita hivi hivi."

Mwongozaji alijikuna upara, akalitazama jua mara nyingine.

"Basi na moto kabisa," alisema. "Tukikosea, tunarudi Kyoto."

Hapakuwa na ngoma safari hii. Shigeto alishuka farasi, akatembea peke yake mpaka kwenye mawe mawili. Alibana miguu. Aliinama kama alivyoinama asubuhi ile alipodhani haonwi, akabaki chini, na theluji nyepesi ikaanza kumtanda mgongoni. Nyuma yake watu mia waliinama, na sasa kila mmoja alijua kwamba ameinama. Wengi wao walikuwa wameinamia mawe yale maisha yao yote bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Siku ile walifikiri. Tsunekichi aliwaambia kimoyomoyo wale wa zamani waliokuwa ndani ya ngome kwamba aliyesimama mbele ni mtoto wao, wasimwone vibaya.

Shigeto akainuka. "Choma," alisema. Hakulisema kwa hasira, alilisema kama mtu anayelipa kitu asichopenda kukilipa. Moto ulishika mbao, ukapanda, na watu wa Utsugi wakapita katikati yake wakipiga ukelele huku machozi yanawatoka, Tsunekichi mbele yao, kofia imemwangukia sikio moja.

Watu wa televisheni waliondoka jioni ile ile, kabla barabara ya mlimani haijaganda. Kinue alimsukuma mumewe aende basini akaseme na mtoto. Alifika mpaka barabarani, akapunga mkono bila kuuinua sana. Shigeto aliinama akiwa nyuma ya kioo cha basi. Nyumbani Kinue alitaka kujua kwa nini hata salamu imemshinda.

"Ngoja kwanza nione," Tsunekichi alisema.

Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Picha hukatwa Kyoto, na watu asiowajua. Wakiona mshindi anayeinama anaharibu hadithi, watamkata, na kitakachobaki ni watu wa Utsugi wakilichoma lango lao mbele ya nchi nzima, mwenyekiti wao akiongoza. Mji haukumwacha asahau hilo. Theluji iliyeyuka, mpunga ukapandwa, vyura wakapiga kelele mashambani, na kila alipokwenda kunyolewa Heisuke alimuuliza, wembe ukiwa shingoni, je, ikikatwa, tuhamie mji gani? Alipungua mwili. Jumapili moja ya kiangazi, kwa aibu, aliingia sebuleni saa mbili usiku kuwasha runinga, sauti chini. Alimkuta Kinue ameshaiwasha, na pembeni yake ameshaweka mto wa pili wa kukalia.

Vuli ikafika, na Jumapili yenyewe ikafika. Safari hii hakuna aliyefunga pazia. Wote walikuja ukumbini, wakakaa sakafuni mbele ya runinga kubwa, Kinue akagawa njugu za kuchoma na viazi vitamu. Muuza samaki alikuja na kovu lake kwenye kipaji cha uso, alilolionyesha kwa yeyote aliyetaka na asiyetaka. Tsunekichi alikaa mbele kabisa, hakugusa kitu.

Jemadari Hada alitokea juu ya farasi, na ukumbi ukavuta pumzi. Akashuka. Akatembea kwenye theluji. Akafika kwenye mawe mawili, na hapo picha ikakatika. Ikaonekana hema la Yule wa Ng'ambo, anakunywa chai. Ukumbi mzima uliguna. Heisuke alijifunika uso kwa viganja. Tsunekichi akawaza ataanzaje kugeuka awatazame watu hawa, na kesho atalifagiaje lango lile.

Yule wa Ng'ambo akaweka kikombe chini. Theluji ikarudi.

Jemadari alikuwa ameinama.

Kamera haikuwa na haraka. Hapakuwa na muziki wala msimulizi. Ulionekana mgongo wa mtu mmoja ukitandwa na theluji, na nyuma yake migongo mingine, safu kwa safu, mpaka chini ya mteremko. Ukumbini mito ya kukalia ilisikika ikilia. Walikuwa wanainama, wote, wakiielekea runinga. Walipoinua vichwa lango lilikuwa limekwisha kuwaka na kuanguka, na moto waliouogopa mwaka mzima karibu mji wote haukuuona.

Simu ya Kinue ililia. Aliitazama, hakuipokea. Akamwekea mumewe mkononi, akageuka kumpa jirani kiazi kitamu.

Tsunekichi alitoka nayo barazani, viatu vya mji mzima vilipopangwa. Tangu majira ya baridi alikuwa ametengeneza maneno, mazuri, marefu, ya heshima na ya mababu. Aliyatafuta, hakupata hata moja, akaipokea simu hivyo hivyo.

"Mama, mmeiona?" Shigeto alikuwa akisema. "Baba ameiona?"

"Ni mimi," Tsunekichi alisema.

Upande wa pili kiti kilisikika kikisukumwa, kama mtu amesimama ghafla.

"Mgongo ulikuwa juu kidogo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Si sana."

"Ndiyo, baba." Kijana alikuwa analia, na hakuwa akijitahidi kuficha. Bila shaka hakuwa na kitambaa.

"Shigeto," alisema mzee, na jina lile lilitoka bila taabu yoyote. "Bakuli lako nimelishusha kabatini tangu asubuhi. Lina vumbi. Njoo ulioshe mwenyewe."